Jinsi ya kukagua hali ya sarafu ya kale kabla ya kuweka dau mnadani

Dinari mbili za fedha za Kaisari Tiberio zinaweza kuingia mnadani siku moja, zote zimeandikiwa daraja la VF, yaani uchakavu wa wastani, na jioni moja ikaondoka kwa bei mara mbili ya mwenzake. Ukitazama herufi hizo mbili tu hutaelewa kilichotokea. Ukiitazama fedha yenyewe, utaelewa.

Ninaishi Kisumu, na nilianza kununua sarafu hizi kwa ajili ya darasa la Jumapili. Nilitaka watoto waishike ile dinari ya kwenye Injili, waone ilivyo ndogo. Watoto waliishika wakairudisha. Wazazi ndio hawakuiachilia. Tangu siku hiyo napigiwa simu: "Mwalimu, kuna moja nimeiona kwa mnada wa Ujerumani, picha nimekutumia WhatsApp, niweke dau?" Wengine wanataka shekeli ya Tiro, ambayo wengi huihusisha na vile vipande thelathini vya fedha. Wengine wanataka senti za mjane, vile visarafu vya shaba vya Uyahudi ambavyo kimoja hakizidi sana gramu moja. Kuna waliokuwa tayari kutoa karo ya muhula mzima kwa kitu walichokiona kwenye simu tu. Kwa hiyo naeleza hapa, hatua kwa hatua, jinsi ninavyokagua mimi.

Kabla ya yote, shika hili: hali ya sarafu ya kale ni maswali matatu, na kila moja lijibiwe kivyake. Imechakaa kiasi gani mikononi mwa watu? Ilipigwa vizuri kiasi gani siku ilipotengenezwa? Na ngozi yake, yaani uso wa madini baada ya karne nyingi ardhini, iko vipi? Daraja la kwenye katalogi kwa kawaida hujibu swali la kwanza peke yake. Kampuni ya NGC ya Marekani, inayofunga sarafu kwenye visanduku vya plastiki, huandika daraja la uchakavu, halafu ikatoa alama mbili pembeni, moja ya pigo na nyingine ya uso, kila moja kati ya 5. Hata kama hutanunua ya kwenye kisanduku, iga utaratibu huo kwenye daftari lako.

Hatua ya kwanza: zoeza jicho kwa sarafu za hapa nyumbani

Usinunue kitu bado. Tafuta shilingi za zamani za Afrika Mashariki, zile za simba mbele ya milima. Huku kwetu hazikosekani kwa wazee, zimekaa kwenye kikopo cha vifungo au ndani ya kabati la vyombo. Zilianza kutolewa 1921, baada ya rupia kuondolewa na florini kupita haraka, na zile za Mfalme George V zina fedha robo tu, asilimia 25. Omba tano au sita za miaka mbalimbali, uzipange mezani kuanzia iliyolainika kabisa hadi iliyo kali.

Sasa tazama mahali panapofutika kwanza. Upande wa mfalme ni ukanda wa taji, nyusi na masharubu. Upande wa simba ni ubavu na manyoya ya shingo. Utaona kwamba uchakavu una mwendo wake. Unaanza pale palipoinuka kuliko pengine, rangi inabadilika kwanza, kisha mistari inaanza kushikana, mwisho panakuwa bapa. Ukishaiona safari hiyo kwenye shilingi sita utaitambua kwenye sarafu ya Kirumi, kwa sababu vidole na mifuko vinasugua vile vile.

Vifaa ni vichache: lenzi ya mara kumi kama ile ya sonara, mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, rula ya milimita, na tochi ya simu. Kikubwa zaidi ni dirisha linalotazama mashariki. Mimi hukagua saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado limelala, kwa sababu mwanga unaoingia kwa ubavu hufanya kila mkwaruzo utupe kivuli chake. Taa ya darini huvificha vyote. Kama mawingu yamefunga ziwa, weka tochi mezani ubavuni mwa sarafu, uizungushe sarafu polepole.

Hatua ya pili: soma herufi, halafu soma maneno yanayozifuata

Majina ya madaraja humpotosha anayeyachukua jinsi yalivyo. Kwa Kiingereza sarafu ikiitwa "good" ujue imechakaa hadi inatambulika kwa shida. F ni sarafu iliyochakaa sana lakini yenye sura na maandishi makuu. VF ina uchakavu wa wastani, nywele na mikunjo ya nguo bado inaonekana. EF imeguswa kwenye vilele tu. FDC iko karibu kama ilivyotoka kwenye chapa, yaani kile chuma chenye mchoro kilichoipiga. Wajerumani huandika ss mahali pa VF na vz mahali pa EF. Wafaransa huandika TTB na SUP, Waitaliano BB na SPL. Ukikuta VF/F, upande wa sura ni VF na wa nyuma ni F. Herufi "a" au "n" mbele ya daraja inasema haijafika. "G" mbele ya VF inasema imepita kidogo.

Halafu nenda kwenye maneno yanayofuata, kwa sababu hapo ndipo muuzaji anapokiri: uso una vitundu, imesafishwa, uwanja, yaani sehemu tupu kati ya sura na maandishi, umelainishwa, kuna alama ya kishikio ukingoni. Neno moja la aina hiyo laweza kushusha bei kuliko tofauti ya daraja zima. Nami maelezo yakisifu uhaba wa sarafu kwa mistari minne bila kutaja uso hata mara moja, humwandikia muuzaji na kumuuliza.

Kumbuka pia kwamba picha ni kubwa kuliko kitu. Dinari ina upana wa milimita 18 au 19, na kwenye kompyuta inajaa kama sahani. Mkwaruzo unaokutisha kwenye picha huenda usionekane kwa macho. Kinyume chake pia kipo: picha iliyopigwa kwa mwanga wa kutoka juu hulainisha vitundu vyote. Omba video fupi sarafu ikizungushwa kwenye mwanga, na picha ya ukingo. Kampuni nzuri hutuma bila kinyongo.

Hatua ya tatu: uchakavu, ukianzia kwenye vilele

Chukua dinari ya Tiberio. Upande wa sura kichwa kinatazama kulia, taji la majani kichwani, na maandishi TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS yanazunguka. Nyuma kuna mwanamke ameketi, fimbo ndefu mkononi, na maneno PONTIF MAXIM. Vilele vya mbele ni nywele zilizo juu ya sikio, majani ya taji na mfupa wa shavu. Vya nyuma ni goti, kifua na kichwa cha mwanamke.

Mimi huanza na goti. Macho ya kila mtu hukimbilia uso wa Kaisari, na uso ukiwa mzuri mtu husamehe mengine yote. Goti halina mvuto, kwa hiyo unalitazama bila kupendelea. Kama mikunjo ya nguo gotini bado imetengana, sarafu haikutembea sana. Kama goti limekuwa mviringo mtupu, ilizunguka masokoni miaka mingi, na pengine sura imebaki nzuri kwa kuwa ilichongwa kwa kina tangu mwanzo.

Kila aina ina vilele vyake. Kwa bundi wa Athens, ile tetradrakma (sarafu ya fedha ya drakma nne, yenye bundi nyuma) ya gramu 17.2 hivi, tazama shavu la mungu mke Athena na nywele za paji la uso, kisha kichwa cha bundi. Kwa tetradrakma ya Aleksanda Mkuu, tazama manyoya ya simba juu ya paji la Herakles, na kifua na mapaja ya Zeu aliyeketi nyuma. Kabla ya kuweka dau kwa aina usiyoijua, tafuta picha kumi za aina hiyo hiyo zilizokwisha kuuzwa, uzipange kichwani kama ulivyopanga zile shilingi mezani. Dakika ishirini zinatosha.

Hatua ya nne: tenganisha pigo na uchakavu

Hapa wanaoanza huangukia pande zote mbili: wanaacha sarafu nzuri wakidhani imechakaa, na wanalipia iliyochakaa wakidhani ilipigwa vibaya tu.

Kumbuka kazi yenyewe ilivyokuwa. Kidonge cha fedha kiliwekwa juu ya chapa ya chini iliyokazwa kwenye fuawe, mara nyingi ndiyo yenye sura. Chapa ya juu ilishikwa kwa mkono, na nyundo ikashuka. Mkono ukiinama, upande mmoja wa sarafu ulikosa nguvu. Kidonge kikikaa pembeni, maandishi yaliangukia nje.

Ukiona sehemu bapa, igeuze sarafu utazame mahali pale pale upande wa pili. Pigo likiwa hafifu, pande zote mbili huathirika mahali hapo, kwa sababu madini hayakutosha kujaza chapa zote mbili. Uchakavu hauna mpango huo, unafuata vilele vya kila upande. Tena, sehemu iliyokosa pigo mara nyingi hubaki na ukwaru wa kidonge cha awali na rangi sawa na uwanja unaoizunguka, wakati sehemu iliyochakaa ni laini na inang'aa kwa namna yake.

Kuna jambo la tatu linalofanana na hayo mawili: chapa iliyozeeka. Chapa moja ilipiga sarafu nyingi sana hadi ikaanza kumomonyoka. Sarafu iliyotoka kwenye chapa hiyo ina herufi nene zilizovutika kuelekea ukingoni, na uwanjani kuna mistari midogo inayotawanyika kama miale. Inaweza kuwa haijaguswa na mtu ikaonekana kama ya F. Kampuni ya haki itaiita EF kutoka chapa iliyochakaa. Ni kweli, lakini mimi silipi bei ya EF kwa ajili yake, kwa maana ninachotaka kuona hakipo, hata kama hakikufutwa na yeyote.

Ukingo uliopasuka kidogo usikutishe. Ulipasuka kwa nyundo, na kama mpasuko haujafika shavuni ni sehemu ya kuzaliwa kwake. Bundi wa Athens karibu wote wamekosa sehemu ya kishungi cha kofia ya Athena, na aliye na kishungi kizima analipiwa zaidi. Shaba kubwa za akina Ptolemaio wa Misri zina kishimo katikati, pande zote mbili. Niliwahi kuzipita mara mbili nikiamini zilitobolewa na mtu, hadi nilipojua kwamba kishimo hicho ni cha utengenezaji wenyewe. Nazo senti za mjane usizidai ziwe katikati. Zilipigwa kwa haraka kwenye vidonge vidogo visivyoitosha chapa, na ukipata nusu ya nanga na miale michache ya nyota umepata sarafu nzuri.

Hatua ya tano: ngozi

Kaa hapa kuliko penginepo. Dinari iliyochakaa kiasi lakini yenye ngozi laini na rangi ya kijivu iliyotulia itakupendeza miaka ishirini. Dinari yenye kila unywele wa Kaisari lakini iliyoliwa na udongo utaichoka mwezi wa pili. Wanunuzi wazoefu wanajua hivyo, na ndiyo maana zile dinari mbili za mwanzo zilitofautiana bei.

Kwa fedha, tafuta vitundu kwanza. Washa tochi kwa ubavu utazame uwanja ulio mbele ya pua na nyuma ya shingo. Uwanja usioliwa unakuwa kama ganda la yai. Ulioliwa unakuwa kama uso wa chapati iliyochomwa bila mafuta, vitobo vidogo kila mahali. Kisha tazama rangi. Fedha ya kale iliyoachwa itulie ina kijivu, wakati mwingine na samawati au dhahabu kuzunguka herufi. Ikiwa nyeupe ya kumetameta kama sufuria iliyosuguliwa kwa steelwool, imesafishwa kwa nguvu, na chini ya lenzi utaona mikwaruzo myembamba mingi inayoelekea upande mmoja. Rangi itarudi baada ya miaka. Mikwaruzo haiondoki.

Kuna ugonjwa mwingine wa fedha ambao wengi huku hawaujui. Fedha iliyokaa ardhini karne nyingi inaweza kuvunda kwa ndani, chembe zake zikaachana, ikawa dhaifu kama biskuti. Kwa nje inaweza kuonekana nzuri kabisa. Dalili ni nyufa nyembamba zisizo na mwelekeo, na pale ilipovunjika, vipande vinavyometa kama chumvi. Kwa sababu hiyo nakusihi: usiidondoshe sarafu ya kale mezani usikilize mlio. Najua tumezoea kupima shilingi hivyo. Sarafu ya miaka elfu mbili inaweza kupasuka vipande viwili mbele yako.

Shaba ina mambo yake. Utando wa kijani, wa kahawia au mweusi unaotupwa na miaka ni sehemu ya thamani yake. Ukiwa laini na mwembamba, michoro ikionekana wazi juu yake, ndio bora. Ukiwa mnene na wenye mabonge, umekula michoro. Usifikirie kuuondoa ukidhani chini kuna shaba safi, kwa kuwa mara nyingi michoro yenyewe imo ndani ya utando.

Cha kuogopa ni unga wa kijani kibichi chenye weupe, unaokaa kwa madoa kama ukungu kwenye mkate. Ukiugusa kwa kijiti cha meno unatoka kwa urahisi, na chini yake kuna kishimo. Ni chumvi ya kloridi iliyonaswa ndani ya shaba inayoamka ikipata unyevu, ikala madini, ikatoa unga, ikaendelea. Utando mzuri wa kijani ni mgumu na hautoki kwa kijiti. Sisi wa kando ya ziwa lazima tuujue unga huu kuliko mtu wa Ulaya mwenye chumba kikavu. Nilikuwa na shaba ya Konstantino iliyofika mwezi wa pili ikiwa safi, nikaiweka kwenye droo ya mbao. Mvua za masika zilipokolea, niliifungua droo nikakuta madoa matatu ya kijani shingoni mwa mfalme, na unga umeanguka juu ya karatasi.

Hatua ya sita: tafuta mkono wa binadamu

Alama za kale na alama za juzi hazina uzito sawa. Wabadilishaji fedha wa zamani walikata sarafu kuona kama ndani ni fedha kweli. Athens ilikuwa na sheria ya mwaka 375/374 K.K. iliyoweka mpimaji wa umma sokoni, na sarafu aliyoikuta na shaba au risasi ndani aliikata papo hapo. Mkato wa kale umejaa utando ule ule wa sarafu nzima. Unapunguza bei, lakini ni historia, na mimi naununua bila shida kama haujapita usoni. Mkwaruzo wa juzi unang'aa ndani.

Kishikio cha kidani ni jambo jingine. Sarafu nyingi ziligeuzwa mapambo, kama bibi zetu walivyofanya na rupia za Malkia Victoria. Hata kishikio kikiondolewa kinaacha alama ukingoni: doa la risasi, sehemu iliyopigwa tupa, au mahali ukingo umekuwa bapa ghafla saa sita kamili juu ya kichwa. Ndiyo sababu ya kuomba picha ya ukingo. Tundu lililozibwa hutambulika kwa rangi tofauti na kwa herufi moja iliyochongwa upya, isiyofanana na ndugu zake.

Baya kuliko yote ni uchongaji. Mtu anachukua shaba kubwa iliyochakaa, na kwa patasi nyembamba anachora upya nywele, majani na mikunjo ya nguo. Kwenye katalogi neno lake ni "tooled", na ukiliona bei inapaswa kuporomoka. Shida ni pale lisipoandikwa. Shaba yangu ya kwanza kubwa, sestati ya Trajano, niliinunua kwa maelezo ya VF na utando mzuri wa kijani. Ilipofika niliisifu siku tatu. Ya nne, asubuhi kwenye lile dirisha, nikaweka lenzi kwenye nywele. Kila unywele ulikuwa mfereji mkali wenye upana sawa, kama waya zilizolazwa. Kuzunguka herufi uwanja ulikuwa umekwanguliwa ukawa chini kuliko ukingoni, herufi zimesimama kama visiwa. Na ndani ya mifereji miwili utando haukuwepo, ilikuwa rangi iliyopakwa. Niliandika kulalamika nikiwa nimechelewa, siku za kurudisha zilikuwa zimepita, na pesa sikuzipata.

Kwa hiyo tazama mambo hayo hasa: nywele zenye kingo kali kwenye sarafu ambayo shavu lake limechakaa, uwanja ulio bapa mno, mikwaruzo iliyonyooka inayofuata ukingo wa herufi, na utando unaokatika ghafla. Nywele na shavu huchakaa pamoja. Zikipishana, kuna aliyezigusa. Kuna pia mchanga wa rangi ya chungwa unaogandishwa kwenye uwanja ili michoro ionekane wazi na sarafu ionekane imetoka jangwani. Mwingine ni wa kweli, mwingine umegundishwa juzi, na kwa picha ni vigumu kutenganisha. Ukiuona umekaa sawasawa kila mahali hadi kwenye vilele, punguza dau.

Hatua ya saba: uzito, ukingo na maji

Kabla ya kupima hali ya kitu, hakikisha ni chenyewe. Uzito huandikwa kwenye katalogi, kwa hiyo ulinganishe na aina yake. Dinari ya Tiberio inakaribia gramu 3.7, shekeli ya Tiro 14. Upungufu kidogo ni uchakavu. Dinari ya gramu 2.9 inayoonekana haijachakaa inahitaji maelezo.

Sarafu ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na herufi zilizolainika kama sabuni iliyotumika, vipele vidogo uwanjani vilivyoachwa na mapovu, na mstari ukingoni au alama za tupa zilizoufuta. Lakini ushahidi mkubwa ni pacha. Kila kidonge kilipigwa kivyake, hivyo mpasuko wa ukingo na umbo la duara havijirudii. Ukikuta mtandaoni sarafu nyingine yenye mpasuko ule ule, mahali pale pale, umekuta kopi.

Ikifika mikononi mwako, kuna kipimo cha maji kwa zile za fedha. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba uizamishe yote bila kugusa glasi. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo. Fedha tupu ni 10.5, shaba ni 8.9 hivi. Tetradrakma ya gramu 17.20 inayosoma 1.65 inatoa 10.4, hapo pumua. Ikisoma 1.88 inatoa 9.1, na yaelekea ndani ni shaba iliyovikwa fedha, jambo ambalo waghushi wa kale walilifanya sana. Kwa dinari ndogo, kosa la sehemu moja ya mia ya gramu hubadilisha jibu, kwa hiyo rudia mara tano au tafuta sonara mwenye mizani ya sehemu ya elfu. Nayo sarafu yenye vitundu hushusha jibu hata ikiwa halali.

Hatua ya nane: dau, na siku thelathini za kwanza

Andika majibu ya maswali matatu, halafu andika bei ya juu kabisa utakayolipa, kabla mnada haujaanza. Toa humo ada ya mnunuzi, ambayo kwa kampuni nyingi ni asilimia 20 au zaidi. Yaani nyundo ikigonga euro 200, unadaiwa 240, bado usafirishaji na ushuru. Uliza karatasi za umiliki wa nyuma: iliwahi kuuzwa wapi, mwaka gani. Picha ya mnada wa zamani inakuonyesha kama sarafu imeguswa tangu wakati huo, na inakulinda usinunue kilichoporwa. Na kama ni ya kuchimbuliwa hapa Kenya, usiiuze wala usiinunue. Ipeleke makumbusho, hata hapo Kisumu tunayo, kwa sababu Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahusika.

Ikifika, usisubiri kama nilivyosubiri mimi. Siku hiyo hiyo ipime uzito, ipige picha pande zote na ukingo, iweke kwenye dirisha la asubuhi ufuate hatua ya tatu hadi ya saba upya. Soma siku za kurudisha kwenye masharti, uziandike ukutani.

Shaba ipitishe kwenye chupa. Chukua chupa ya jemu yenye kifuniko, weka pamba yenye maji chini, sarafu juu ya kizibo isiguse pamba, funga siku moja. Kama kuna kloridi iliyolala ndani, madoa mapya ya kijani yatajitokeza, nawe utaandika barua ya kurudisha ukiwa bado na haki. Ikitoka safi, ikaushe vizuri, usiiweke kwenye plastiki laini ya PVC inayotoa uteute wa kijani, wala kwenye droo ya mbao. Iweke kwenye kibweta kinachofunga kabisa pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Muuza viatu wako atakupa bure. Vifuko vikichoka, zitoe chembe uzipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, hadi zikauke, kisha zirudishe. Mimi hufanya hivyo mwanzo wa mwezi wa tatu na tena mwanzo wa mwezi wa kumi, na nikifungua kibweta huanza na shingo ya Konstantino.